Solo Niliyompa Stanislaus

Stanislaus alinivua gitaa mbele ya watu. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili mtu asije akanihubiria habari za kusamehe. Sikumsamehe. Nililipiza kisasi, na kisasi chenyewe nilikifurahia kuliko nilivyofurahia harusi yangu.

Mwaka ule wa sabini na tano Kasulu ilikuwa na bendi yake, Ngurumo, na Kibondo ilikuwa na yake, Asali. Sisi wa Ngurumo tulipiga roki, wao wa Asali walipiga popu. Santuri zote zilitoka duka lile lile la Hilali pale Kasulu mjini, ambaye alizipata kwa watu wa Bujumbura na kumuuzia yeyote aliyekuja, lakini ukiwasikia vijana walivyokuwa wakitukanana ungedhani ni madhehebu mawili yanagombea kanisa. Roki ni ya wanaume, walisema: magitaa makali, drams nzito, mwimbaji anafoka. Popu ni ya wanawake: maua, machozi, mpenzi njoo. Tamimu, mwimbaji wa Asali, alikuwa na sauti laini iliyopendwa na kina mama wote wa Kibondo, basi watu wa Kasulu wakambatiza Bibi Tamimu. Maskini hakuwa amemkosea mtu.

Na katika vurugu hiyo yote, aliyekuwa anajua kupiga solo ya roki kuliko mwanamume yeyote wa milima ile ni mimi, Epifania binti Venanti wa Nyakitonto. Sijisifu. Aliyekuwepo anajua.

Gitaa nilijifunzia nyumbani. Kaka yangu alikwenda manamba Tanga, kwenye mkonge, akarudi na gitaa kavu ambalo alishindwa kulipiga, akalitundika ukutani. Nililitoa ukutani na halikurudi tena. Nilipoingia Ngurumo niliingia kama mwitikiaji, yaani yule msichana anayesimama nyuma na kuitikia "oo, oo". Siku moja kwenye mazoezi Stanislaus, kiongozi wa bendi na mpiga solo, alitoka kuvuta sigara. Nikalichukua gitaa lake la umeme nikapiga. Melkiadi, mpiga drams wetu, alisimamisha mikono kwanza, akanitazama, halafu akanifuata. Stanislaus aliingia akatukuta tumefika mbali.

Toka siku ile solo zote za Ngurumo zilikuwa zangu. Mimi natunga, Stanislaus anaangalia vidole vyangu, anajifunza, jioni anapanda jukwaani na kupiga yeye. Vijana wanamshangilia, anawaambia, "Hii nimeitunga juzi." Nilivumilia kwa sababu aliniahidi kwamba kwenye dansi la Pasaka nitapiga mwenyewe. Nilichokitaka hakikuwa kikubwa. Nilitaka kusimama mbele na gitaa langu shingoni na watu wajue kwamba mkono ule ni wangu.

Pasaka ikafika. Nikapiga. Watu wakaanza kupiga makofi, na mlevi mmoja akapiga kelele, "Jike dume hilo!" Watu wakacheka, lakini walikuwa wanacheza. Nadhani hicho ndicho kilichomuuma Stanislaus, kwamba walikuwa wanacheza. Alikuja kutoka nyuma, akashika mkanda wa gitaa akauvutia juu ya kichwa changu katikati ya wimbo. Mkanda ukanasa kwenye kilemba, kilemba kikaanguka chini. Akachukua kipaza sauti.

"Samahani, wapenzi," alisema. "Dada yetu alikuwa anajaribu bahati. Mwanamke na roki, wapi na wapi! Sasa atawaimbia popu kidogo, nyimbo za kina mama, halafu wanaume tutarudi kazini."

Nikaimba kichwa wazi, nimesimama juu ya kilemba changu mwenyewe. Nilipomaliza, Stanislaus aliendelea na solo yangu pale pale aliponikatia.

Wiki chache baadaye tukasikia kwamba Saba Saba ile bendi zote mbili zitashindana Kibondo, mchana, uwanjani, na itakayoshinda itapelekwa Dar es Salaam kurekodi. Kila bendi ilete wimbo mpya. Stanislaus hakuwa na wimbo mpya. Alikuwa na viatu vipya tu.

Akapanda baiskeli mpaka Nyakitonto na sukari ya kumzuga mama.

"Epifania dada yangu," alisema tulipokaa, "nitungie solo moja. Kali. Ya kiume kweli kweli."

"Nitaipiga mimi?"

"Dada, fikiria. Kutakuwa na wakubwa wa serikali pale. Tukimsimamisha mwanamke na gitaa, Asali watasema na sisi tumekuwa popu. Utaitikia nyuma. Jina lako nitalitaja."

"Utalitaja kama mtunzi?"

Alicheka kama kwamba nimemtania. "Kama mwitikiaji. Sasa watu wataaminije?"

Nilitaka kummwagia ile sukari kichwani. Badala yake nikamwambia aje kesho yake, nitakuwa nimepata kitu. Akaondoka anapiga mluzi.

Na kweli nilikuwa nimeshapata. Dada yangu Pelagia alikuwa amejifungua wiki ile, na nyumba yetu ilijaa wanawake waliokuja kumpa salamu ya mzazi. Kwa asiyeijua, nyumbani kwetu mwanamke aliyetoka kujifungua hasalimiwi hivi hivi. Mgeni anakaa karibu naye, anamshika mikono, anaanza kumwuliza kwa kuimba, haraka haraka, maneno yanakimbizana: umeamkaje, uchungu umekwisha, kitoto kinanyonya, maziwa yanatoka? Kila baada ya swali anaacha nafasi, na kwenye nafasi hiyo mzazi na wanawake wengine wanadumbukiza jibu, "ego, ego," yaani ndiyo, na swali jingine linapanda juu yake. Mwanamke aliyewahi kuzaa akiisikia hawezi kunyamaza. Mdomo unajibu wenyewe.

Na wanaume wanatoka. Mgeni akikohoa tu kusafisha koo, baba, mume, watoto wa kiume, hata akiwepo katekista, wote wanaondoka ndani na uani, wanakwenda mbali kule migombani mpaka wanawake wamalize. Mtoto wa kiume anafukuzwa toka hajajua kutembea vizuri. Ndiyo maana hakuna mwanamume yeyote kwetu anayeijua salamu ile, wala hawajapata kuona haja ya kuijua, kwa kuwa ni mambo ya wanawake.

Hiyo ndiyo niliyompa Stanislaus. Niliihamishia kwenye nyuzi nene, nikaitia mkwaruzo, nikaipiga kwa nguvu mpaka gitaa likanguruma, na zile nafasi za majibu nikaziacha wazi kama zilivyo. Alipokuja kesho yake alisikiliza mara moja tu akasimama.

"Hii ndiyo roki!" alisema. "Unasikia dume linavyotembea humu ndani? Lakini hapa mbona pako wazi?"

"Hapo ndipo watu wanapovuta pumzi," nilimjibu. "Piga kishindo, halafu nyamaza. Usipajaze, utaiharibu."

"Sipajazi," alisema kwa heshima kubwa.

Maneno aliyaweka mwenyewe, nisije nikasingiziwa. Wimbo aliuita "Dume". Mimi ni dume, dume la Kasulu, nikiguruma milima inalala. Aliuimba mbele yangu amefumba macho na mimi nikatikisa kichwa kumkubalia.

Tuliupiga kwenye baa za Kasulu majuma kadhaa, na wanaume wakawehuka. Walipanda juu ya mabenchi. Kijana mmoja fundi baiskeli alivua shati akalia machozi, akasema muziki wa namna hii unamkumbusha mtu kwamba yeye ni mwanamume. Wake zao hawakuwepo, kwa sababu mke wa mtu hakuonekana dansini. Mwanamke aliyekuwepo ni Maximilla, mhudumu, mama wa watoto wawili. Mara ya kwanza alipoisikia alisimama na sinia la chupa mkononi, midomo ikaanza kumcheza. Akanitazama kule nyuma nilikokuwa nikiitikia. Nikamkonyeza. Akakimbilia jikoni na nikamsikia anacheka huko kama anayekabwa.

Mtu mwingine niliyemwambia ni mama yangu, Theodosia. Nilidhani atacheka pia. Akaweka chini ungo wa maharage.

"Umeitoa nje?" aliuliza. "Umewapa wanaume?"

"Nimempa mmoja, mama."

"Mwana wanje, mwanangu, ile si yako peke yako. Mimi niliipata kwa mama yangu, ng'ambo ya mto, upande wa Bujumbura, kabla hatujaikimbia nchi. Nyumba tuliiacha, ng'ombe tuliwaacha. Ile hatukuiacha."

Alirudi kwenye maharage yake, akachambua kwa muda mrefu. Halafu akauliza bila kuniangalia, "Siku ile alipokuvua kilemba, watu walikuwepo wengi?"

"Ukumbi mzima."

"Na yeye alicheka?"

"Yeye ndiye aliyeanza."

"Basi nitakuja Kibondo," alisema mama. "Nitakuja na wenzangu."

Saba Saba Kibondo ilikuwa ya jua na vumbi. Wageni wa serikali walikaa kwenye viti chini ya turubai, na pamoja nao waamuzi wa mashindano, mkubwa wao akiwa Isihaka, mfanyabiashara wa pale mjini ambaye wazee wake walitoka pwani. Wanaume walisimama pande zote za uwanja. Wanawake walitandikiwa mikeka mbele kabisa, karibu na jukwaa, wa Umoja wa Wanawake na wengine wote waliotoka vijijini. Mama alikaa katikati yao, na waliomzunguka walikuwa wa Nyakitonto. Baba alisimama nyuma na wazee wenzake, amejiegemeza kwenye fimbo.

Asali walianza. Tamimu aliimba vizuri, lazima niseme haki yake, na vijana wa Kasulu wakampigia kelele, "Bibi! Bibi, umepika nini?" Aliimba mpaka mwisho, akainama, akashuka. Jasho lilikuwa limemtoka mgongoni kote.

Halafu sisi. Jenereta liliwashwa, Melkiadi akakaa kwenye drams, mimi nikasimama nyuma na gauni la maua alilonichagulia Stanislaus. Yeye alivaa miwani myeusi. Akasogea kwenye kipaza sauti.

"Mmesikia ya wanawake," alisema. "Sasa sikieni ya wanaume."

Akaguruma. Mstari wa kwanza wa solo ulitoka kwenye spika ukapita juu ya mikeka, na nikaona wanawake wote wanainua vichwa kwa pamoja. Akafika kwenye nafasi ya wazi, akanyamaza vizuri kama nilivyomfundisha.

"Ego," alijibu mama yangu.

Stanislaus hakusikia au alidhani ni shangwe. Akaimba, "Mimi ni dume, dume la Kasulu," akapiga mstari wa pili, akanyamaza. Sasa walijibu mkeka mzima, na mwanamke mmoja mnene wa Kakonko ambaye hata sikumjua akapandisha swali kwa sauti kali, "Kitoto kinanyonya?"

"Ego, ego!"

"Nikiguruma milima inalala!"

"Maziwa yanatoka?"

Wanawake walikuwa hawawezi tena kujizuia. Wengine walicheka huku wakijibu, wengine walijibu kwa moyo wote wamefumba macho, na kila Stanislaus alipoacha nafasi walimuuliza kama amekunywa uji, kama tumbo limekazwa kwa kitambaa, kama mgongo unauma. Alijaribu kuongeza nguvu, na kadiri alivyopiga kwa nguvu ndivyo walivyojibu kwa nguvu. Wanaume waliokuwa karibu wakaanza kuuliza wake zao kuna nini. Nikaona habari inatembea kutoka mkekani kwenda nyuma, mdomo kwa mdomo, na kila ilipofika palilipuka kicheko. Dume la Kasulu limejifungua! Miwani ilimteleza Stanislaus mpaka ncha ya pua. Aligeuka akanitazama, na akajua.

Sitaki kudanganya. Nilihisi raha. Kama ningekufa pale ningekufa nimeshiba.

Kisha nikamsikia yule fundi baiskeli. Alikuja kutoka Kasulu kutushangilia, na sasa alikuwa ameshika mbavu. "Kumbe ni kanyimbo ka wanawake tu!" alisema kwa sauti. "Mimi nalia machozi, kumbe kanyimbo ka wanawake!"

Kicheko kikaongezeka. Watu wa Asali, wenyewe walioitwa bibi muda mfupi uliopita, nao walikuwa wanagaragara. Solo ilikuwa ile ile. Haikubadilika hata kidogo toka walipokuwa wakiipandia mabenchi. Walichokijua sasa ni wenyewe wake ni kina nani tu, na hicho kiliwatosha kuicheka. Stanislaus walimcheka kwa dakika moja. Waliobaki wanachekwa ni mama yangu na wenzake, na dada yangu Pelagia, na mama wa mama yangu aliyeivusha mto. Kwenye mikeka wanawake wakaanza kuona haya. Mmoja mmoja walifunika midomo kwa kanga na kunyamaza, wanawaangalia waume zao pembeni.

Hasira iliyonipanda pale, ya Pasaka haikuwa kitu. Nilikwenda mbele nikamvua Stanislaus gitaa. Hakunizuia. Nikalivaa, nikasogeza kipaza sauti.

"Wanaume," nilisema, "mkisikia salamu ya mzazi huwa mnafanya nini?"

Wakacheka.

"Nani aliwafundisha kusimama hapa na kusikiliza? Mama zenu?"

Wakacheka tena, lakini si wote. Nikapiga mstari wa kwanza, kama unavyopigwa, na mkwaruzo wake wote. Mama alijibu peke yake. Nikapiga wa pili, akajibu, na wa Nyakitonto wakamfuata. Nilikuwa namtazama baba. Alisimama kidogo ameinamisha kichwa, halafu akainua fimbo yake, akageuka, akaanza kutoka uwanjani.

Wazee waliokuwa naye walitazamana. Wakamfuata. Hawa ni watu waliotoka kwenye nyumba zao maisha yao yote mara tu waliposikia koo linasafishwa, na miguu yao ilijua kazi kuliko vichwa. Vijana walipoona baba zao wanaondoka walikosa pa kuweka nyuso. Fundi baiskeli alibaki anacheka peke yake mpaka mjomba wake akarudi akamshika sikio. Chini ya turubai Isihaka aliuliza kuna nini, karani mmoja Mha, mwenyeji wa milima ile, akamnong'oneza, na Isihaka akavaa kofia yake vizuri, akasimama. Wakubwa wa serikali nao wakasimama, maana kukaa peke yao katikati ya wanawake uwanja mzima ingekuwa aibu zaidi. Tamimu aliondoka na watu wake. Melkiadi aliweka chini vijiti vyake taratibu, akashuka.

Stanislaus ndiye aliyebaki, amesimama kando yangu na mikono mitupu.

"Epifania," alinong'ona, "nisaidie. Sema ulikuwa mchezo. Sema tuliupanga wote wawili. Nitakuachia solo, nakuapia, Dar utapiga wewe."

Ningeweza kumwokoa kwa neno moja, na alichokuwa ananipa ndicho nilichokitaka toka mwanzo. Nilimwangalia machoni kwanza, nihakikishe anasikia vizuri. Nikamjibu kwenye kipaza sauti.

"Mzazi ni mimi. Wewe toka nje."

Njia ya kushukia ilipita katikati ya mikeka. Wanawake walikunja miguu kumpisha na hawakuacha kujibu. Mmoja alimuuliza kama uchungu umekwisha. Alipita ameshika viatu vyake vipya mkononi ili asiwachafulie mikeka, na hakupiga gitaa tena milima ile. Nasikia alihamia Tabora akauza mitumba.

Ushindi walipewa Asali, kwa sababu waamuzi wote walikuwa nje ya uwanja na wimbo waliousikia mpaka mwisho ni wa Asali peke yake. Dar sikwenda. Mtu akiniuliza kama najuta namwambia aketi nimsimulie kilichofuata, halafu simsimulii kama ni mwanamume. Stanislaus alipokwisha kupotea kule nyuma ya watu, niliwaona wanaume wamejipanga mbali barabarani, wametega masikio, wanangoja niendelee ili na wao wasikie. Nikageuka kwenye amplifaya nikapunguza sauti, nikapunguza tena, mpaka ikabaki ya kuwatosha waliokaa kwenye mikeka. Ndipo nikapiga.